Kwenda Kigoma na Kinasa Sauti: Reli Mpya, Reli ya Zamani na Ufukwe wa Kibirizi

Safari hii niliifanya mwishoni mwa Septemba 2024. Naiandika nikiwa nimerudi Dar, daftari liko mezani na picha za simu zinanikumbusha nini kilitangulia nini. Redio ya jamii ninakojitolea imenipa dakika tatu kila Jumamosi asubuhi za kuweka sauti ya mahali: hakuna muziki, hakuna mahojiano, wala mtangazaji haongei juu yake. Msikilizaji anapelekwa sokoni, bandarini au jikoni kwa mtu, anaachwa hapo asikilize. Nilichagua Reli ya Kati kwa sababu mwaka huo treni ya umeme ilianza kufika Dodoma, na kutoka pale mtu aliweza kuipanda treni ya dizeli hadi mwisho wa reli. Katika safari moja unasikia reli mbili, na moja kati ya hizo sauti yake haitadumu.

Vifaa vyangu ni vya kawaida: kinasa sauti kinachoenea kiganjani chenye maikrofoni mbili, manyoya ya kuzuia upepo, hedifoni za kufunika masikio, betri za kuchaji na kadi za akiba.

Ijumaa: Dar es Salaam hadi Dodoma

Tiketi ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000, nikaikata mtandaoni. Stesheni ya John Pombe Magufuli ina ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, na mlinzi alitaka kujua lile dubwana la manyoya ni nini. Nikamvalisha hedifoni. Akasimama pale kama dakika nzima akisikiliza ukumbi wake mwenyewe: viatu kwenye vigae, magurudumu ya mabegi, mtoto anayelilia juisi. "Kumbe hapa pana sauti hivi," akasema, kisha akanionyesha kona ambayo tangazo linasikika bila kurudi kama mwangwi. Tangu nianze kazi hii sijapata njia bora ya kuomba ruhusa kuliko kumpa mtu asikilize kwanza.

Treni yenyewe ni kimya. Reli zake zimechomelewa zikawa kitu kimoja kirefu, madirisha hayafunguki, na injini ya umeme inatoa mvumo wa chini tu. Mvumo huo ukiwa na hedifoni ni mtamu, lakini redioni hauna maisha: spika ya simu au ya redio ndogo ya jikoni haiwezi kubeba besi, kwa hiyo msikilizaji atasikia karibu hewa tupu. Nikaacha kuitafuta treni, nikawatafuta abiria. Kipande kizuri kilipatikana kwenye mahandaki manne ya Kilosa. Treni inapoingia hewa inabana masikio, mazungumzo ya simu yanakatika katikati ya neno, behewa zima linashusha sauti bila kuambiwa na mtu, halafu mwanga ukirudi wote wanaongea kwa pamoja. Hapo ndipo msikilizaji anajua yuko ndani ya mlima.

Stesheni mpya ya Dodoma iko nje kidogo ya katikati ya mji. Bodaboda hadi karibu na stesheni ya zamani ilinigharimu 3,000, na chumba cha guesti 25,000 chenye feni na ndoo ya maji. Kama unabadilisha treni kama nilivyofanya, lala upande wa stesheni ya zamani, asubuhi hutasumbuka.

Jumamosi: Dodoma, kusubiri

Treni ilitarajiwa asubuhi, ikaingia saa saba mchana. Kabla sijawasha chochote nilikwenda kujitambulisha kwa msimamizi wa stesheni. Reli, madaraja na bandari ni sehemu zenye ulinzi, na mtu aliyejificha na maikrofoni hutiliwa shaka haraka kuliko anayejitambulisha. Aliniuliza maswali mawili, akamwita kijana wa lango na kumwambia niachwe nifanye kazi.

Kusubiri kulinifaa. Stesheni inayosubiri treni ina sauti nyingi kuliko inayopokea treni: fagio la chelewa kwenye saruji, wanawake wakifunga na kufungua mizigo, muuza maji anayekatiza kutoka sikio la kushoto hadi la kulia. Mama mmoja anayekwenda Kasulu alikuwa amekaa juu ya begi lake, akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekula.

"Bado, mama."

"Sasa utasikia nini na njaa? Kaa hapa."

Nikapewa chapati mbili na chai ya chupa. Tulisafiri behewa moja hadi mwisho, na mara zote nilipoondoka na kinasa sauti, begi langu lilibaki chini ya miguu yake.

Jumamosi mchana: Bahi hadi Saranda

Mlio wa treni ya zamani unatokana na jinsi ilivyojengwa. Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na hadi leo upana kati ya reli na reli ni mita moja. Vipande vya reli vimeunganishwa kwa bolti, na kati yao huachwa upenyo mdogo ili chuma kitanuke juani bila kupinda. Kila gurudumu likipita kwenye upenyo linagonga. Magurudumu yamepangwa jozi jozi chini ya kila behewa, kwa hiyo unasikia ta-ta, kimya kidogo, ta-ta, na mwendo wa treni unaweza kuujua ukiwa umefumba macho. Nilinasa kwenye kijinjia kati ya behewa na behewa, mgongo ukiwa umeegemea mlango, mkono mmoja kwenye chuma. Usisimame pale na mikono yote miwili ikiwa na kazi.

Bahi ni tambarare, treni inakimbia. Kisha bonde linakwisha na reli inaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda. Injini ikaanza kuhema. Mwendo ulipungua hadi nikasikia nyenje vichakani na mtu akichunga mbuzi kwa miluzi, vitu ambavyo ndani ya behewa la vioo vilivyofungwa nisingevipata. Madirisha wazi ndiyo utajiri wa treni hii, nchi inaingia ndani. Nilinasa mlima wote bila kuzima mashine. Redioni zitabaki dakika tatu, lakini huwezi kujua ni zipi ukiwa bado uko njiani.

Saranda inajulikana na kila aliyewahi kupita reli hii, kwa sababu ya chakula. Treni haijasimama sawasawa, tayari mabeseni yako usawa wa madirisha: kuku wa kukaanga, wali, ndizi, mayai ya kuchemsha na chumvi yake kwenye karatasi. Sahani ya wali na paja la kuku nilinunua 4,000. Nilipomwomba mama muuzaji ruhusa ya kunasa, akageuka akawapigia kelele wenzake wote: "Nyamazeni, kuna redio hapa!" Na kweli wakanyamaza. Mstari mzima wa wauzaji ukasimama kimya ukinitazama, na abiria wenye njaa nao wakashangaa. Ikabidi nimsihi auze kama kawaida.

"Yaani niite wateja?"

"Ita, mama. Mimi usinione."

Alichoita baada ya hapo ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote nilivyorudi navyo. Karibu kuna shilingi zinazodondoka kwenye bakuli na karatasi zinazofungwa. Katikati kuna sauti za wanawake zinazopishana, kila mmoja na wimbo wake wa kuita. Mbali kuna injini inayonguruma na jogoo mmoja asiyejua saa. Sauti ya mahali inahitaji vitu hivyo vitatu, cha karibu, cha kati na cha mbali. Kimoja kikikosekana msikilizaji anajua kuna fujo, ila hajui yeye amesimama wapi ndani ya fujo hiyo. Aliyekaa kwenye treni lazima asikie kwamba yuko juu na wauzaji wako chini, na Saranda hilo linasikika.

Jumamosi usiku: Itigi hadi Tabora

Manyoni ilipita kwenye usingizi. Itigi asali iliuzwa kwenye chupa za maji, gizani, kwa mwanga wa simu.

Daraja la tatu usiku watu hulala kwa zamu na kwa kuegemeana. Mbele yangu alikaa mzee anayerudi Urambo, mwenye redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza ile mashine inakamata stesheni gani. Nilipomweleza, alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kugonga ubao wa dirisha kwa vifundo vya vidole. Nikaijua kabla hajamaliza. Ni zile ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji kipofu, zilizotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Alisema kijijini kwao redio ilikuwa moja, na ngoma zile zikisikika watu waliacha walichokuwa wakifanya wakaenda kwenye redio. Hakuna aliyehitaji saa.

Nikamwomba arudie. Akarudia, na chini ya vidole vyake treni ikagonga ta-ta yake, vitu viwili vikiwa kwenye mapigo tofauti, na mtoto akikohoa nyuma. Sikumhoji zaidi.

Tabora tulifika usiku wa manane. Hapa njia ya Mwanza inaachana na ya Kigoma, na mabehewa hupangwa upya, kazi iliyochukua saa kadhaa. Abiria wengi walilala. Mimi nilishuka, nikamtafuta mfanyakazi aliyekuwa na taa na filimbi, nikamweleza ninachotaka. Akanishika bega akanisogeza: "Hapo hapana, kaka, hapo unagongwa. Simama huku, na usivuke reli mpaka nikwambie." Pale aliponiweka ndipo mahali pazuri kuliko pote, katikati ya urefu wa treni. Injini ikisukuma, behewa la kwanza linagonga la pili, la pili la tatu, na mgongano unasafiri kutoka mbele unakupita hadi mkiani, unazidi kufifia. Baadaye injini inavuta, na mlio uleule unapita tena ukiwa mkavu zaidi, viungio vinakaza. Katikati yake kuna pumzi za breki na filimbi. Kwa hedifoni nilihisi urefu wa treni kwa namna ambayo macho yasingeweza, kwani giza lilikuwa nene na mwezi haukuwepo.

Kiwango cha kunasa niliweka chini sana kwa sababu ya honi, kilele kikomee desibeli 12 chini ya kikomo cha mashine. Honi ya treni ikikukuta umeweka juu, sauti hukatika na hakuna programu itakayoirudisha. Na kama unatumia simu, zima urekebishaji wa sauti wa moja kwa moja ikiwezekana. Simu hupandisha ukimya na kushusha kishindo, mwishowe usiku na mchana vinalingana.

Jumapili: Tabora hadi Kigoma

Baada ya Tabora nilisikia reli ikibadilika. Mlio wa kugonga ukawa mzito, behewa likayumba zaidi, bolti za viti zikaanza kuimba. Kaliua tulipambazukiwa. Nguruka waliingia wanawake na samaki, behewa zima likanukia. Daraja la mto Malagarasi ni la sekunde chache, lakini ukiwa na dirisha wazi unasikia ardhi ikiondoka chini yako: mlio uliokuwa unarudishwa na kokoto unazama ghafla, chuma kinabaki peke yake, halafu kokoto zinarudi. Uvinza ni chumvi na joto.

Kigoma tuliingia mchana umeshageuka. Mpwa wa yule mama wa Kasulu alikuja kumpokea na bajaji. Sikuulizwa ninakwenda wapi. Mama alisema tu, "Na huyu ni wetu, mpeleke Mwanga apate chumba," na pesa yangu ikakataliwa. Usiku huo nilikula ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese kwa 6,000, nikalala kabla ya saa mbili.

Jumatatu: Kibirizi

Nilifika ufukweni alfajiri bado giza, boti zinarudi. Usiku usio na mwezi ndio usiku wa kazi, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mwezi mpevu ukiwaka taa haiwavuti. Ukienda Kigoma kwa ajili ya sauti za uvuvi, tazama mwezi kabla ya kukata tiketi. Angalia pia kama ziwa halijafungwa. Mwaka ule uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane.

Kwanza zinasikika injini, nyingi na za mbali, kila moja ina mlio wake, na wanawake ufukweni wanaitambua boti kabla haijaonekana. "Ile ya kwetu," mmoja alisema nikiwa sijaona kitu, na ikawa ya kwao. Kisha mbao zinagusa mchanga, ndoo zinapokezanwa, bei zinatajwa kwa Kiswahili, Kiha na lugha za ng'ambo ya ziwa. Jua lilipopanda dagaa wakamwagwa kwenye vyandarua vya kukaushia, na akina mama wakawatandaza kwa viganja. Ni mlio mdogo, kama manyunyu juu ya jani la mgomba, na lazima usogee karibu hadi upige magoti.

Mfanyabiashara mmoja aliniita. Alikuwa amesikia kwamba nilikuwa karibu alipokuwa akipatana bei, na hakutaka mapatano yake yasikike. Nikaifungua faili mbele yake, tukasikiliza pamoja, nikaifuta akiangalia. Baada ya hapo alinitembeza mwenyewe kwa wenzake. Biashara ya mtu ni siri yake hata ikifanyika hadharani, na atakayekuja baada yangu atapokelewa kulingana na nilivyoondoka mimi.

Kitu kimoja nilikuja nacho kichwani tangu Dar: mlio wa karabai. Zamani ziwa hili usiku liliwaka kwa karabai, na kila boti ilikuwa na ule mfoko usiokatika. Sasa taa ni balbu za betri na sola. Ni nyepesi, hazili mafuta, mvuvi hana sababu ya kuzikataa, na kimya chake hakimsumbui mtu. Nilimuuliza mzee mmoja anayeshona nyavu kama kuna aliyebaki nayo. Akaacha sindano, akaingia stoo, akatoka na moja iliyofunikwa na masizi. Nikanunua lita ya mafuta ya taa. Alitumia karibu saa nzima kuisafisha, kuziba panapovuja na kutafuta kisoksi cha kuwashia kwa majirani watatu. Tukajifungia stoo ili upepo usituharibie. Akapampu, akawasha, moto ukacheza wa njano, ukatulia ukawa mweupe, na mfoko ukaanza. Mzee akasimama akiisikiliza.

"Hii ndiyo ilikuwa inatuimbia usiku kucha," akasema.

Nimeacha sentensi hiyo ndani ya kipande. Ni mara pekee nimevunja utaratibu wangu wa kutokuweka maelezo ya mtu.

Usiku nilirudi ufukweni. Hewa iliyo juu ya maji hupoa kabla ya ile ya juu yake, na sauti hupindishwa kurudi chini badala ya kupotea angani, ndiyo maana mazungumzo ya boti zilizoko mbali hufika nchi kavu kama watu wako jirani. Nilinasa kicheko cha mtu ambaye taa yake ilikuwa nukta tu.

Jumanne: Ujiji

Bajaji ya mpwa yule yule, safari hii alikubali 5,000 ya mafuta. Wageni wengi huja Ujiji kwa ajili ya mahali walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Mimi nilishuka ufukweni kwa mafundi wa boti. Walikuwa wakikalafati, yaani kupigilia pamba iliyolowa mafuta kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Fundi mkuu hakuwa akiangalia ufa. Alikuwa akisikiliza. Pamba ikiwa bado legevu nyundo inatoa mlio mfu, na kadiri ufa unavyojaa mlio unapanda, hadi unakuwa mkali wa kuni kavu. Hapo anahama. Nilimpa hedifoni akasikiliza kazi ya mwanafunzi wake. Akamwita, akamwonyesha kidole mahali pawili pa kurudia.

Mchana ilituangukia mvua ya kwanza ya msimu, mafundi na mimi tukakimbilia chini ya bati. Kila mtu ameshasikia mvua juu ya bati, lakini hii ilikuwa na nyundo ndani yake, maana kijana mmoja aligoma kuacha kazi.

Bandarini Kigoma niliiona meli ya Liemba kwa mbali tu. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli hii hii, ikazamishwa 1916 na kuibuliwa 1924. Kunasa ndani ya bandari kunahitaji kibali, nami sikuwa nacho. Omba mapema, ukiwa bado nyumbani.

Kurudi

Nilirudi kwa basi, safari ndefu yenye muziki wa video mwanzo hadi mwisho, na sikuwasha kinasa sauti.

Wiki zilizofuata zilikwisha kwenye kusikiliza na kuandika majina ya faili: tarehe, mahali, kitu, mashine ilielekea wapi. Kila faili huanza na sauti yangu ikisema hayo, na hilo limeniokoa saa nyingi. Redio imechukua mahandaki, Tabora, karabai na Ujiji. Cha Saranda kilitangulia vyote. Yule mama wa kuku alinipa namba ya jirani yake mwenye simu, nikamtumia kipande kwa WhatsApp siku kilipopita hewani. Jibu lilikuja kwa sauti, nyuma yake treni inapiga honi. Amekipenda, anasema, ila muuza mayai anasikika kuliko yeye, na nikipita tena nikae dirisha la tatu kutoka mwisho, upande wa kushoto.